Hapana ya Alhamisi

Wodi ya wanawake, Goma. Ukuta wa jiwe jeusi
ambalo mlima ulilitapika, likapoa, likachongwa, likawa nyumba.
Hata jiwe hili halikumbuki lilivyokuwa moto.

Alhamisi saa nane huja mwanamume
na sambaza za kukaanga ndani ya karatasi ya daftari.
Huniita Kanyere. Nami huitika,
maana jina ni kama ndara za hospitali:
ukizikuta mlangoni, zikakutosha, unavaa.

"Mimi Bauma, mume wako.
Umekumbuka kitu?"
"Hapana."
Na mabega yake hushuka,
kama ya msukuma chukudu aliyefika mwisho wa kilima.

Nimeyapenda mabega yale. Sisemi uongo.
Wiki nzima nangoja yashuke.

Sista Godeliva hunieleza kila asubuhi, naye hachoki:
mlikuwa mnakaa Mugunga, nyumba ya bondeni.
Mazuku yalipanda usiku kutoka ardhini,
pepo isiyo rangi, isiyo harufu,
ikajaa chumba kama maji kwenye beseni.
Mazuku hulala chini, asema.
Mbuzi hufa, na mwenye mbuzi amesimama palepale anapiga mluzi.
Wewe kichwa chako kilikosa hewa,
mlango ukabaki wazi, vitu vikatoka.

Hulala chini.
Neno hilo nililifunga kwenye pindo la kitenge,
kwani ndivyo ninavyotunza: fundo moja, jambo moja,
na taa ikizimwa vidole husoma.

Fundo: ana harufu ya vanishi.
Fundo: hali sambaza zake.
Fundo: juzi tulikutana kanisani, leo tumekutana soko la Virunga.
Fundo: mabega.

Na moja sikulifunga mimi.
Yaani, mimi huyu.
Gumu, limeshonewa ndani, limekuwapo kabla yangu.
Nililifungua kwa meno chini ya blanketi
huku jirani yangu akiwahesabia malaika nauli zao.

Kijikaratasi. Nikaokota kaa la jikoni,
nikaandika sakafuni maneno yaleyale, nikalinganisha.
Mkia wa *k* ni ule ule. Mkono ni wangu.

*Jumanne akichukue kitanda, aseme anakitengeneza.
Mbusa atalala chini.
Mimi nitakuwa kwa mama.*

Mbusa.
Jina likaingia, likaketi, halikuomba kiti.
Nikaona kidole gumba chake kikinipimia chumvi.
Nikaona kikohozi chake. Nikaona soksi.
Mtu mzima hurudi kwa soksi.

Sikulia. Nilihesabu.
Swali si nani alikibeba kitanda.
Swali si nani aliyemtuma.
Swali ni kwamba nilipaswa kuwa kwa mama,
na wakanikuta kwenye godoro,
mkono wangu juu ya kifua chake.

Nani alinirudisha?
Nilijuta njiani? Nilimpenda ghafla, katikati ya barabara ya Sake,
kama mtu aliyesahau ufunguo?
Au ilinyesha tu mvua,
nami nikachoka kutembea?

Hapo mlango wa kichwa umefungwa.
Nagonga. Aliye ndani anajifanya amelala.

Leo Alhamisi. Kijikaratasi nimekitafuna,
kina ladha ya sabuni.
Vanishi inatangulia mlangoni, halafu yeye.

"Umekumbuka kitu?"
"Hapana."
Mabega yanashuka. Hata sasa, Mungu anisamehe, nayapenda.

Nachukua sambaza moja, naikata kati,
kichwa kwangu, mkia kwake.
"Kula nami, Bauma.
Halafu unitazamie kitanda hiki, kinayumba upande wa ukutani.
Wewe si fundi?"

Hajawahi kuniambia kwamba ni fundi.

Ameushika ule mkia.
Anautazama kiganjani.
Nje mtu anasukuma chukudu juu ya mawe,
na magurudumu ya mbao yanalia,
yanalia, yanakaribia.